Opatija: kwa nini mji wa pwani wenye jina kubwa hauna mchanga

Kila Julai picha ya aina moja huzunguka kwenye simu zetu. Watu wamelala juu ya sakafu ya saruji, taulo chini, bahari ya buluu ubavuni mwao, na ngazi ya chuma inashuka majini kama ya bwawa la kuogelea. Aliyeituma ni ndugu au rafiki aliyeko Ulaya, na chini ameandika: Opatija, Kroatia. Hapo maswali huanza. Huo ndio ufukwe? Mchanga uko wapi? Mwingine ameona jina Abbazia kwenye kadi ya zamani iliyotundikwa ukutani, anauliza kama hiyo si Italia. Wa tatu anataka kujua kama viza ya Schengen inafika huko, na anajibiwa na watu wanne, kila mtu na lake.

Nimeshayajibu maswali hayo mara nyingi, kipande kipande, na kila mara naishia kusimulia habari ileile. Opatija haikujengwa ili watu waogelee. Ilijengwa ili watu wapumue, tena wakati wa baridi. Ukilishika hilo, saruji, majina mawili, hoteli zinazofanana na majumba ya kifalme na ile njia ndefu ya kando ya maji, vyote vinaanza kueleweka.

Kwanza ramani. Bahari ya Adria ni mkono mrefu wa Mediteranea uliopenya kuelekea kaskazini-magharibi, Italia upande mmoja, nchi za Balkani upande wa pili. Upande huo wa mashariki sehemu kubwa ya pwani ni ya Kroatia. Opatija iko juu kabisa, kwenye ghuba ya Kvarner, pale rasi ya Istria inapoungana na bara. Mji mkubwa wa jirani ni Rijeka, bandari iliyo umbali wa kilomita 13 hivi. Wengi wakisikia Kroatia hufikiria Dubrovnik yenye kuta zake za mawe. Kutoka Opatija hadi Dubrovnik ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, kwa hiyo anayedhani atalala huku na kushinda kule amejidanganya.

Jina nalo halina fumbo kwa msomaji wa Tanzania. Wakatoliki wa Ruvuma na Mtwara wanazijua Peramiho na Ndanda, na wanajua makao ya watawa wa namna ile huitwa abasia. Opatija ni neno la Kikroatia lenye maana hiyohiyo, na Abbazia ni la Kiitaliano. Wabenedikto walikuwa na abasia yao hapo, na kanisa la Mtakatifu Yakobo bado limesimama karibu na maji. Wajerumani waliuita mji huo Sankt Jakobi, kwa jina la kanisa. Ni mahali pamoja, pameitwa kwa lugha tatu.

Kuhusu kuwa Italia, anayeuliza hajakosea sana, amechelewa tu. Mfikirie mtoto aliyezaliwa Opatija mwaka 1900. Alizaliwa raia wa dola ya Austria-Hungaria. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha majeshi ya Italia yaliingia, na mkataba wa Rapallo wa 1920 ukauweka mji chini ya Italia. Mwaka 1943 Wajerumani wakauteka. Mkataba wa Paris wa 1947 ukaukabidhi kwa Yugoslavia, na mwaka 1991 Kroatia ikajitangazia uhuru. Mtu huyo angefikisha miaka tisini na moja akiwa amepita chini ya bendera tano bila kuhama nyumba. Ndiyo maana wazee wa huko huchanganya maneno ya Kikroatia na ya Kiitaliano katika sentensi moja, na ndiyo maana njia maarufu ya mji huo inaitwa Lungomare, yaani "kando ya bahari" kwa Kiitaliano, ingawa walioijenga walikuwa watu wa Austria.

Sasa tuje kwenye kuzaliwa kwa mji. Mwaka 1844 mfanyabiashara wa Rijeka aitwaye Iginio Scarpa alijenga jumba la mapumziko katika kijiji hiki cha wavuvi na mabaharia. Akaliita Villa Angiolina, kwa jina la marehemu mkewe. Alizungushia bustani, akapanda miti na maua ya mbali, na kati ya hayo limo ua ambalo leo ndiyo alama ya mji: kamelia ya Japani. Msomaji wa Kericho au Mufindi ajue kwamba huo ni mmea wa ukoo mmoja na chai. Tofauti ni kwamba huku tunachuma majani na kule wanatazama maua, ambayo huchanua wakati baridi ingali kali. Ua linalochanua majira ya baridi lilikuwa tangazo tosha kwa watu wa Vienna waliozikwa kwenye theluji: mahali hapa ni vuguvugu.

Lakini jumba moja halifanyi mji. Kilichofanya mji ni reli. Njia ya reli kutoka Vienna ilifika bandari ya Trieste mwaka 1857, na mwaka 1873 tawi lake likafika Rijeka, likipita Matulji, kilimani juu ya Opatija. Reli hiyo ilikuwa mali ya kampuni binafsi, Reli ya Kusini, na mkurugenzi wake mkuu, Friedrich Julius Schüler, alikuwa na tatizo analolijua kila mwenye basi: kupata abiria wa kutosha. Akapata dawa. Ukijenga nyumba ya wageni mwisho wa njia, wageni watakata tiketi za kwenda na kurudi. Kampuni ikanunua Villa Angiolina na viwanja, na mwaka 1884 ikafungua hoteli ambayo leo inaitwa Kvarner, hoteli kubwa ya kwanza ya mapumziko katika pwani ya mashariki ya Adria. Mwaka uliofuata ikafungua ya pili na kuipa jina la Stephanie, mke wa mrithi wa kiti cha Austria, Rudolf. Siku hizi inaitwa Imperial.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu majina haya mawili yalifika mpaka kwetu. Stephanie alikuwa binti wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, yuleyule ambaye mwaka huohuo wa 1885 alijitwalia Kongo kama shamba lake binafsi. Na miaka mitatu baadaye, Machi 1888, bwana mkubwa wa Hungaria, Samuel Teleki, na ofisa wa jeshi la majini la Austria, Ludwig von Höhnel, walifika kwenye ziwa kubwa kaskazini mwa Kenya ya leo. Walifika na msafara wa wapagazi waliotoka pwani yetu, wakiongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyeijua bara kuliko wao. Ziwa wakaliita Rudolf, na jingine dogo kaskazini-mashariki yake wakaliita Stefanie. Kenya ililirudishia ziwa lake jina la watu wake, Turkana, mwaka 1975. La Stefanie, lililoko Ethiopia, sasa ni Chew Bahir. Hoteli na ziwa vilibatizwa kwa majina ya nyumba moja, ndani ya miaka mitatu. Wajenzi wa hoteli walikuwa na haki juu ya kiwanja chao. Walioyabatiza maziwa hawakuwa nayo, na mimi siwezi kupita mbele ya hoteli ile bila kulikumbuka jangwa la Turkana.

Turudi kwenye mapafu. Kifua kikuu kiliua watu wengi mno Ulaya wakati ule. Robert Koch alikionyesha kimelea chake mwaka 1882, lakini kumwona mwizi si kumkamata: streptomisini, dawa ya kwanza iliyokishinda kweli, iligunduliwa 1943. Katikati ya miaka hiyo sitini daktari alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na hewa, chakula, usingizi na matembezi. Kwa hiyo akaandika cheti: nenda mahali pasipo na baridi kali wala moshi wa viwanda. Matembezi yenyewe yalipimwa kama dawa ya kijiko. Huyu atembee tambarare nusu saa, yule apande mteremko mdogo, apumzike kwenye benchi, aendelee. Njia za Opatija ziliwekwa kwa hesabu hiyo, zile za kando ya maji na zile za msituni juu ya mji, mojawapo ikiitwa Carmen Sylva, jina la kalamu la malkia Elisabeth wa Romania. Mwaka 1889 serikali iliutangaza mji rasmi kuwa kituo cha tiba ya hali ya hewa. Theodor Billroth, bingwa wa upasuaji wa Vienna ambaye jina lake bado linatajwa katika upasuaji wa tumbo, alikuwa mgeni wa hapo, na ndipo alipofia Februari 1894.

Basi hapo kuna imani moja ya kuondoa. Bado yapo matangazo yanayosema hewa ya Opatija "inatibu kifua". Hewa safi humstarehesha mgonjwa na humsaidia kupata nguvu, lakini haiui kimelea. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende akapime makohozi, halafu ndipo afikirie safari.

Kwa nini hewa ya hapo ni tulivu? Sababu ni mlima na upepo. Sisi tuna kaskazi na kusi, pepo za miezi mingi ambazo majahazi yalipanga nazo safari za mwaka mzima. Wao wana bura na jugo, ambazo huja kwa siku chache na kuondoka. Bura hushuka kutoka milimani, baridi na kavu, kwa mishindo. Kwenye mji wa Senj, kusini zaidi, huvuma kwa ukali hata barabara hufungwa. Jugo hutoka kusini-mashariki, ina joto na unyevu, huleta mawingu na mawimbi mazito. Opatija imejificha kwenye kona. Nyuma yake umesimama mlima Učka, wenye karibu mita 1,400, na vilima vinavyouzunguka mji huvunja makali ya bura. Usiisome habari hii ukadhani Januari huko ni kama Tanga. Koti utalivaa. Ila aliyetoka Vienna kwenye barafu alijiona amefika peponi.

Na mchanga, je? Mchanga mweupe wa Unguja na Diani ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na viumbe na mawimbi kwa karne nyingi. Mahali pengine mchanga huletwa na mito. Kvarner haina miamba hai ya matumbawe kama yetu, na ardhi yake ni mawe ya chokaa. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni anajua maji hufanya nini kwenye mawe hayo: huyayeyusha, huchimba mashimo, hupita chini kwa chini. Mvua ya milimani kule huzama ardhini na kutokea baharini kama chemchemi, bila kubeba mchanga wala tope. Hasara yake ni ufuo wa mawe makali. Faida yake ni maji maangavu ambayo unaona vidole vya miguu yako ukiwa umesimama maji yakikufika shingoni.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa pwani yetu hulishangaa zaidi, nalo ni kwamba bahari ile karibu haipwi. Zanzibar, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kama mita nne. Akina mama hutembea mbali kwenda kwenye mashamba ya mwani, na mashua zikalala ubavu. Mwezi ni uleule, ila Mediteranea ni kama karai lililounganishwa na bahari kuu kwa mlango mwembamba wa Gibraltar, na nguvu ya kupwa na kujaa haiingii vizuri. Kaskazini mwa Adria, kwa siku za kawaida, tofauti haifiki mita moja. Hebu fikiria maana yake kwa mjenzi. Unaweza kumwaga saruji karibu kabisa na maji, ukachomeka ngazi, na ngazi hiyo ikafaa asubuhi na jioni. Jaribu hivyo Forodhani uone.

Kwa hiyo lile jukwaa la saruji kwenye picha, mahali panapoitwa Slatina katikati ya mji, halikuwekwa kwa ubahili wala kwa kuharibu ufukwe uliokuwapo. Liliwekwa juu ya mawe ili mtu apate pa kuketi na pa kuingilia majini. Kina huanza mara moja, hivyo asiyejua kuogelea awe mwangalifu kuliko anavyokuwa Paje. Anayetaka kokoto badala ya saruji aende kusini kidogo, Medveja au Mošćenička Draga, na avae viatu vya mpira, maana kwenye mawe wamo wale viumbe wa miiba mirefu tunaowajua hata sisi. Tena asikubali kuambiwa kwamba ufuo ni wa hoteli. Kwa sheria ya Kroatia ukingo wa bahari ni mali ya umma. Unacholipia ni kiti, mwavuli na huduma.

Viza sasa, maana hapo ndipo watu hupoteza fedha. Yako mambo matatu ambayo huchanganywa kuwa moja. Umoja wa Ulaya ni jumuiya ya nchi. Schengen ni makubaliano ya kufuta ukaguzi wa mipakani baina ya nchi zilizomo. Euro ni fedha. Nchi inaweza kuwa katika moja na isiwe katika nyingine. Afrika Mashariki tunalijua hili: Tanzania imo ndani ya Jumuiya, lakini ile viza ya pamoja ya utalii iliyoanza 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kroatia iliingia Umoja wa Ulaya Julai 2013, ila iliingia Schengen na kuanza kutumia euro Januari 1, 2023. Wanne wale waliojibu swali kwenye kundi wote walikuwa na ukweli, kila mmoja wa mwaka wake. Fedha ya zamani iliitwa kuna, jina la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye ngozi yake ilitumika zamani kulipia kodi. Ukikuta bei kwa kuna, taarifa hiyo imepitwa na wakati.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, na kwa ziara fupi haizidi siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Unaiomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Ndugu aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Italia anaingia Kroatia kwa kibali hicho pamoja na pasipoti yake. Asiache pasipoti nyumbani, hata kama safari ni ya basi la saa chache: Slovenia ilirudisha ukaguzi wa muda kwenye mpaka wake na Kroatia Oktoba 2023, na Opatija iko karibu sana na mpaka huo. Ukitaka kuendelea kusini hadi Dubrovnik, barabara ya zamani hukatiza kipande kidogo cha Bosnia na Herzegovina penye mji wa Neum, na Bosnia haimo katika Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukwama hapo. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linalokuvusha bila kutoka Kroatia, pita huko. Na mwenye nyumba akikuomba pasipoti ukifika usikasirike, sheria inamtaka aandikishe kila mgeni.

Muda wa kwenda? Agosti ni ghali na mji umejaa. Mimi namshauri mtu aende Aprili, Mei au Septemba, wakati unaweza kuisikia bahari unapotembea. Na utembee kweli. Lungomare ina urefu wa kilomita 12 hivi, kutoka Volosko hadi Lovran, na kipande chake cha mwisho kilikamilika 1911. Anzia Volosko, bandari ndogo ya wavuvi ambako mwaka 1857 alizaliwa Andrija Mohorovičić, mwanasayansi aliyetumia mawimbi ya tetemeko la 1909 kugundua mahali ganda la dunia linapoishia na tabaka la chini yake kuanzia. Ukiendelea na njia, karibu na hoteli Kvarner, utaona juu ya mwamba sanamu ya msichana mwenye shakwe mkononi. Wageni husimuliana kwamba ni mke anayemngoja baharia wake. Ni kazi ya Zvonko Car, ya mwaka 1956. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Bikira Maria iliyowekwa kumkumbuka bwana mmoja wa ukoo wa Kesselstadt aliyezama hapo mwaka 1891. Villa Angiolina ni jumba la makumbusho ya utalii sasa, na bustani yake haina kiingilio.

Ukisikia njaa, ulizia kamba wa Kvarner, wanaowaita škampi, na ujue si wa bei rahisi. Msikiti mkubwa uko Rijeka, ulifunguliwa 2013. Mwisho wa njia ni Lovran, mji mkongwe kuliko Opatija, uliopewa jina la miti ya mloreli. Ukifika Oktoba utawakuta wakichoma chestnut, njugu kubwa za miti yao, kandokando ya barabara, na moshi wake unafuata nguo. Miguu ikikataa kurudi, basi namba 32 linapita hapo kuelekea Opatija na Rijeka; kaa upande wa kulia, bahari iko huko.